Chupa Mpya ya Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo hapa Homa Bay, na paa la nyumba ya wanyama limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka ndoo. Nimeanza daftari hili kwa sababu daftari la kazi halitaki maneno. Lenyewe linataka uzito wa panya, chakula, dozi na sahihi, na mimi mtu wa maneno nitayapeleka wapi?

Panya ni arobaini, weupe, madume watupu. Februari nzima thelathini kati yao tumewalisha chakula kilichokandwa na mafuta ya ng'ombe na kiini cha yai, mpaka damu yao ikawa na kolesteroli nyingi kuliko ya waheshimiwa. Kuanzia leo tunawatibu. Kundi la kwanza ni wale kumi ambao hawakuonja mafuta. La pili wamenona na hawapewi kitu. La tatu wanapewa dawa ya hospitali. La nne wanapewa maji ya mzizi wa Kegonga, ule ambao Wakuria huutia kwenye supu ya nyama. Dozi ni moja kwa siku, kwa mrija mwembamba unaopitishwa kooni hadi tumboni.

Daktari Willis, mwenye utafiti huu chuoni, amenisimamisha mlangoni. "Nyar Kisii, hawa panya watatupeleka mbali. Andika kila kitu." Nyar Kisii ni binti wa Kisii. Nimeshazoea.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimweke Suleman humu, maana bila yeye mambo hayaendi. Kwao ni Garissa, alikuja huku na kaka yake mwenye duka la vitambaa mjini, akaishia kulea panya na mimi. Yeye Mwislamu, mimi Msabato. Mkataba wetu haujaandikwa popote: Ijumaa adhuhuri anaenda msikitini, nampokea zamu, Sabato simo, ananipokea. Miaka mitatu hatujawahi kudaiana hata dakika.

Ila ana hofu. Mwezi jana, tukifanya mazoezi kwa panya wa akiba, wawili walimfia mkononi, mrija uliingia kwenye mapafu. Daktari akamwambia mbele yangu, "Wa tatu akikufia, tafuta kazi kwingine." Ana watoto wanne na mke, Hodan, mwenye mimba ya tano. Sasa ni Ramadhani, na ikifika saa tisa alasiri mikono inamtetemeka.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala Migori kwa Mama tangu Ijumaa, kama kila Sabato. Leo kabla ya kurudi nimepokea gunia la mizizi kwa Ghati, mama anayeileta kutoka Kegonga. Ni mwanamke wa sauti kubwa, anayepima mizigo kwa macho na hakosei.

"Binti, mnafanyia nini mizizi yote hii? Kwetu kipande cha kidole kinatosha ng'ombe mzima."

Nikamweleza: tunasaga, tunaloweka kwenye spiriti wiki nzima, tunachuja, tunakausha mpaka inabaki nzito.

"Na mnaitoa saa ngapi?"

"Haitolewi. Ndiyo dawa yenyewe."

Ghati akafunga mdomo wa gunia polepole. "Sisi supu ikichemka mara moja tunautoa mzizi, tunautupa mbali hata mbwa asirambe. Na ni siku ya nyama tu. Hiyo yenu si supu tena."

Nikacheka. Nilimwambia sayansi haina siku ya nyama. Naandika hapa nilivyosema, na bado nacheka.

Alhamisi, 13 Machi

Majibu ya damu yametoka. Kundi la nne limeshuka! Siku kumi tu, na wamekaribia wale wanaotumia dawa ya hospitali. Daktari Willis amepiga meza, "Ero kamano, Nyasaye!" Asante Mungu, kwa Kijaluo. Hata Suleman amecheka, na mtu huyu kucheka akiwa na njaa ni kazi.

Mimi mawazo yalikuwa Migori. Mama ana kolesteroli ya juu tangu mwaka juzi. Baba aliondoka kwa kiharusi akiwa amekaa kwenye kiti chake, mkononi ana kikombe. Mama amepewa vidonge, akavinywa mwezi mmoja, akaacha kwa sababu vinamkaza mapaja na hawezi kusimama sokoni na ndizi zake. Kila simu yake ikichelewa kupokewa, mimi namwona na kikombe mkononi.

Jumapili, 16 Machi

Nimefanya jambo, na nataka kuliandika kabla sijalipamba.

Daktari huleta chupa mpya ya maji ya mzizi kila Ijumaa jioni, nikiwa nimeshaondoka, anaifungia kwenye friji. Inatumika kuanzia Jumamosi hadi Ijumaa inayofuata. Leo asubuhi nimeingia peke yangu, nimemimina nusu yake kwenye chupa yangu safi, na ile ya kazi nimeijaza maji yaliyochemshwa mpaka kwenye alama. Rangi ilififia, nikaongeza chai ya strungi, isiyo na maziwa. Huwezi kujua.

Panya wa kundi la nne watapata nusu dozi. Nusu ya dozi si sumu kwa mtu yeyote. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu ya uzito wa Mama mara tatu, nimeandika kwenye karatasi nikabandika kwenye chupa: *Vijiko viwili kila asubuhi. Usiruke siku.*

Mungu anajua sikuiba cha kuuza.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefika Migori jua halijazama. Mama ameishika chupa kwa mikono miwili.

"Hii si ya waganga?"

"Mama, ni ya maabara."

"Basi nitakunywa. Ningekataaje dawa ya mtoto niliyemsomesha kwa ndizi?"

Jumapili, 23 Machi

Kuna panya kundi la nne ninayemwita Karani, kwa sababu huketi pembeni akiangalia wenzake wakila kana kwamba atawaandika. Sikio lake la kushoto limechanika tangu Januari. Leo nimemtafuta. Wamo kumi, mistari myekundu mkiani iko sawa, mmoja hadi kumi. Wa sita ndiye Karani. Masikio yake yote ni mazima.

Nimemgeuza, nimemwangalia tena. Labda nimechoka.

Alhamisi, 27 Machi

Wameshuka tena, na hiyo ni kwa nusu dozi! Mzizi huu una nguvu kuliko tulivyofikiri. Sikuweza kumwambia mtu.

Mvua. Ndoo mbili sasa.

Jumapili, 30 Machi

Nimehesabu kizimba cha wazazi na vijana wao, kile cha akiba ambacho hakigusi utafiti. Walikuwa ishirini na wawili. Ni kumi na tisa. Nani anaiba panya? Wana bei gani sokoni?

Nimechukua nusu yangu ya chupa mpya, nimejaza maji, nimeweka chai, na yangu nimeibandika karatasi yenye maneno yaleyale.

Jumatano, 2 Aprili

Idd ilikuwa juzi, leo Suleman ameniletea sambusa na mahamri kutoka kwa Hodan. Nilimuuliza nikitafuna, kwa sauti ya utani, "Kwani sikio la panya likichanika huwa linaota lingine?"

Hakuniangalia. "Vidonda vya panya hupona haraka, dada."

"Mpaka nyama inarudi?"

"Mungu hashindwi."

Suleman anasema uongo, na mimi siwezi kumbana, kwa sababu akiniuliza friji nafungua Jumapili kutafuta nini nitamjibu nini? Tumekaa tukasikiliza mvua kwenye mabati.

Jumapili, 6 Aprili

Akiba: kumi na sita. Kundi la nne: kumi, wote wachangamfu. Wachangamfu mno. Panya aliyelishwa mafuta mwezi mzima huwa mzito, mvivu. Hawa wanaruka.

Sasa najua ni yeye, na ni Jumamosi, siku ambayo simo. Ninachojiuliza ni anawapeleka wapi wale wa zamani. Labda kuna chuo kingine kinamlipa. Labda Daktari mwenyewe amemwagiza ili namba zipendeze. Mtu niliyemwachia Sabato zangu miaka mitatu nikalala usingizi. Nimemchukia leo, nasema wazi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama amepigiwa simu na kliniki ya Migori. Kolesteroli yake imeshuka, karibu kawaida! Amelia kwenye simu, nami nimelia chooni ili Daktari asinione. Suleman na afanye anavyofanya na panya wake. Mama yangu anapona.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama hataki kula. Anasema tumbo limejaa tu, ni furaha.

Jumatano, 16 Aprili

Millicent, rafiki wa Mama wa kwaya, amefariki Migori leo asubuhi. Ini, wanasema, ghafla, macho yalikuwa manjano kama kiini. Mama hana nguvu hata ya kusimulia. Walikuwa wakiimba sauti ya pili pamoja tangu mimi sijazaliwa.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimempelekea Mama chupa kubwa kuliko kawaida. Nimemwambia huzuni nayo hupandisha mafuta, asiruke hata siku moja.

Alhamisi, 24 Aprili

Daktari Willis anaandika makala yake. Mkutano ni Kisumu, tarehe tisa mwezi ujao. Ametuonyesha mchoro: mstari wa kundi la nne unashuka kama mtu aliyeteleza mlimani. "Hata bila dalili ya madhara," amesema. "Hakuna panya hata mmoja aliyekufa kundi la nne. Mnasikia? Hata mmoja."

Suleman alikuwa anafagia. Alifagia palepale kwa muda mrefu.

Jumapili, 27 Aprili

Meza ya Bwana ilikuwa iwe mwisho wa Machi, lakini mchungaji wetu ana makanisa tisa na daraja lilifurika, basi imefanyika Sabato ya jana. Kwanza tunaoshana miguu, wanawake upande wao, chini ya turubai. Mama hakuwa na mwenzake. Siku zote alioshana na Millicent. Nikapiga magoti mbele yake mimi.

Miguu yake imevimba. Nilipobonyeza juu ya kifundo, kidole changu kiliacha shimo ambalo halikurudi. Nyayo zilikuwa na rangi ya manjano. Nikamwangalia, akatabasamu, "Ni karai, Moraa. Karai si ni la manjano?" Kweli karai lilikuwa la plastiki ya manjano, na turubai nalo linatoa mwanga wake. Nikamfuta kwa taulo, akaniosha mimi, tukakumbatiana. Alikuwa anajikuna mikono, anasema ni mbu wa mvua.

Nimerudi Homa Bay nikiwaza lile shimo la kidole.

Akiba: kumi na watatu. Chupa nimeichukua nusu.

Alhamisi, 1 Mei

Leo sikukuu ya wafanyakazi, na mwenye zamu ni mimi peke yangu. Naandika haraka, nisamehewe mwandiko.

Mvua imenyesha tangu jana bila kupumua. Saa nne asubuhi maji yalipanda nyuma ya nyumba ya wanyama, yakaingia kwenye shimo la majivu. Nilitoka na jembe kufungua mtaro. Maji yalikuwa yanatoa vitu vyeupe kutoka shimoni, yanavizungusha, yanavileta miguuni pangu. Nilidhani ni pamba. Kimoja kikagonga buti langu, nikaona mkia. Mkia una mistari minne myekundu.

Nimewaokota kwa koleo nikawapanga juu ya bati. Tisa. Wengine wameharibika huwezi kuwatazama, lakini wino ule haufutiki. Kati yao mmoja ana sikio lililochanika.

Nilimpigia Suleman. Sikusema kitu ila, "Njoo uone mvua imenipa nini." Alifika ameloa mpaka mifupani, akaona bati, akakaa kwenye matope. Mtu mzima, na kanzu ya sikukuu.

"Wananifia mimi, dada Moraa. Kila Jumamosi. Wallahi mrija nauingiza vizuri, napima, nasikiliza pumzi, jioni mmoja amelala upande, siku moja hata watatu. Nilidhani ni saumu, mikono. Ramadhani ikaisha, bado wanakufa. Wewe siku sita zote unawanywesha, hakuna anayekufa. Siku yangu moja wanakufa. Ningemwambia nini Daktari? Nikamchukua wa akiba, nikamchora mkia."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi. Tangu katikati ya Machi."

Nilikuwa nimeshajiandaa kumtukana. Nina maneno, nimesema tangu mwanzo. Lakini badala yake nilianza kuhesabu. Jumamosi ni siku ya chupa mpya. Chupa mpya ni nzima. Jumapili mimi naifikia, natoa nusu, naweka maji. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, mpaka Ijumaa, panya wangu wanakunywa nusu na chai ya strungi, wanavumilia. Jumamosi tu ndiyo siku wanayopata dawa kamili, juu ya miili iliyokwisha kuchoka kwa zile wiki mbili za mwanzo kabla sijaanza kuiba.

Na Mama anapata dawa kamili kila siku.

Nilikimbia ndani. Kundi la nne amebaki mmoja tu wa zamani, wa tisa. Nilimtoa nikamweka kwenye karatasi nyeupe, mbali na vumbi la mbao, karibu na dirisha. Masikio yake yalikuwa manjano. Nilimgeuza. Nyayo zake, zile nyayo ndogo za waridi nilizozijua, zilikuwa za manjano, rangi ileile niliyoiona Sabato ndani ya karai. Karatasi ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na karai la kusingizia.

Suleman alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia yote, nusu yangu, maji, chai. Hakuniuliza kwa nini. Alisema tu, "Nenda kwa mama. Panya nitabaki nao."

Namba ya Mama haipokelewi. Naondoka sasa.

Ijumaa, 2 Mei, Migori

Nilimkuta jana amelala kwenye kochi, chai yake imepoa pembeni. Macho yake yalikuwa manjano na alinisalimia kwa jina la dada yake aliyekufa. Kwenye meza chupa, kijiko, na karatasi yenye mwandiko wangu. Alikuwa amekunywa asubuhi hiyo. Hakuruka siku.

Wodini, daktari wa zamu, msichana mdogo kuliko mimi, ameuliza, "Mama ametumia dawa yoyote ya miti shamba?"

Mama alikuwa amerudiwa na akili kidogo. Akajiinua kwa kiwiko, "Hapana. Mimi siendi kwa waganga. Nakunywa ya binti yangu pekee. Yeye yuko maabara." Na akanionyesha kwa kidevu, kwa fahari, mbele ya wagonjwa wote.

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Daktari Willis. Suleman alikuwa amemwambia habari za panya na chupa. Hakutaka, lakini bati la panya lilikuwa bado nje gari la Daktari lilipopita. Nikatoka barazani kupokea.

"Moraa, mos, tulia. Usitaje mzizi, usitaje chuo. Sema hujui. Nitakuja kesho tuzungumze kama watu wazima."

"Kesho atakuwa hai?"

"Mkutano ni wiki ijayo. Na usisahau, wewe ndiwe uliyeiba."

Mtu ninayeandika vipimo vyake mwaka wa nne. Nilikuwa namwona mkali, sikujua ni mdogo hivi. Nikamwambia, "Ndiyo, niliiba. Ndiyo maana lazima mimi niseme," nikakata.

Nikarudi nikasema. Mzizi, spiriti, vijiko viwili, wiki sita, panya tisa. Nimemkabidhi yule msichana ile chupa. Aliandika bila kuinua kichwa, halafu akauliza kolesteroli ya Mama ilikuwaje mwezi jana. Nikamwambia ilishuka vizuri sana.

Akaweka kalamu chini. "Dada, kolesteroli nyingi hutengenezwa na ini. Ini likianza kufa, namba hushuka. Hatukai tukashangilia."

Nilikumbuka mchoro wa Daktari Willis, mtu aliyeteleza mlimani. Nilikumbuka nilivyolia chooni kwa furaha.

Sabato, 3 Mei

Sijawahi kushika kalamu Sabato. Leo nashika.

Usiku umepita, wamembadilishia dripu. Yule msichana daktari anasema damu yake imeanza kuganda inavyotakiwa na kuna matumaini, kwamba kiasi alichokunywa ni kidogo kuliko nilivyomwambia. Nikasema haiwezekani, mimi ndiye nilipima. Akasema, "Muulize mwenyewe."

Nimemuuliza asubuhi, akinywa uji.

"Mama, dawa ulikuwa unakunywa vijiko vingapi?"

Aliangalia uji. "Usikasirike."

"Sikasiriki."

"Chupa ya kwanza nilimpa Millicent yote. Mafuta yake yalikuwa juu kuliko yangu, na mgonjwa zaidi ndiye hupewa kwanza. Zilizofuata tukawa tunagawana. Yeye alikuwa anakunywa kwa kikombe, alitaka awe amepona kabla ya mikutano ya makambi ya kanisa tuimbe wote." Akafuta mdomo. "Alipokufa ndipo nikaanza kunywa yangu yote, ulivyoniambia. Nilijisemea, kama Millicent angeanza mapema tungemwokoa."

Nimeshika kikombe cha uji mpaka kikapoa. Hakujua alichoniambia. Kanisani ng'ambo ya barabara walikuwa wanaimba, na sauti ya pili ilisikika hafifu, imepungukiwa.

Jumapili, 4 Mei

Suleman amepiga simu. Wa tisa amekufa. Hakumbadilisha, amemwandika kwenye daftari la kazi, kwa kalamu, pamoja na wale tisa na tarehe zao, akatia sahihi yake. Daktari Willis amemfukuza, na barua yangu nayo iko tayari. "Dada, nimelala leo mara ya kwanza tangu Machi," amesema. Nikamwomba anisamehe kwa yale niliyomwazia. Hakuniuliza ni yapi.

Ghati nilimpigia mimi. Nilimweleza, akasema hatauza tena gunia kwa mtu asiyejua kupika. Nimestahili.

Mama ameniita kwa jina langu na amekula ndizi nusu. Sijamwambia habari ya Millicent. Nitamwambia akiweza kukaa mwenyewe, si kabla. Lakini kuna mtu ambaye hawezi kungoja.

Saa nane mvua ikiwa imepumzika nimekwenda kwa Omwenga, mumewe Millicent. Viti vya msiba bado vimepangwa kando ya ukuta. Amenipokea kwa mikono miwili, amenipa kiti chenye mto, ameuliza habari ya Mama kabla sijauliza yake. Halafu akaingia chumbani akatoka na chupa. Imebaki robo.

"Nilikuwa nakutafuta nikurudishie," amesema. "Mimi sina mafuta, na dawa nzuri haitupwi. Kuna mtu mwingine itamfaa." Akaipangusa vumbi kwa kiganja na kuniwekea mapajani. Karatasi ilikuwa bado imebandikwa. Mwandiko ni wangu, wino wa maabara: *Vijiko viwili kila asubuhi. Usiruke siku.*

"Alikuombea sana, Moraa. Hata juma la mwisho hawezi kumeza, alikuwa ananiambia nimshikie kikombe." Akaangalia karatasi, akatikisa kichwa kwa upendo. "Hakuruka hata siku moja."

Nimemwomba aketi kwanza.